Shehena Isiyo Mikononi mwa Meneja: Nasaha kwa Dereva wa Vifurushi

Dereva wa vifurushi aliyefika kazini asubuhi akakuta gari lake limeshindiliwa hata ujia wa katikati hauonekani, naye jana alirudi usiku, na juzi vivyo hivyo, aghalabu hufanya jambo moja lililo jepesi na lisilo na manufaa: humwendea meneja wa tawi, akasimama mbele ya meza yake na kumlalamikia, akidhani kwamba mwenye amri ya ofisi ndiye pia mwenye amri ya shehena. Meneja huitikia kwa kichwa, huahidi kulitazama jambo hilo, na kesho yake gari huwa limejaa vile vile. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dereva huyo, hasa msemaji wa Kiswahili aliyetoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma au Mombasa akapata ajira katika kampuni ya UPS huko Marekani, nchi ambayo wengi wa watu wetu, ama kwa ukimbizi ama kwa kutafuta riziki, wamefanya maskani katika miji inayokula kwa mgongo wa kampuni hiyo, kama Louisville katika jimbo la Kentucky, kilipo kituo chake kikubwa cha ndege za mizigo kiitwacho Worldport. Nimeichagua UPS kwa kuwa mkataba wake na wafanyakazi umechapishwa na husomeka na kila atakaye. Aliye katika kampuni nyingine atapata humu kipimo cha kupimia hali yake mwenyewe.

Kwanza fahamu shehena hiyo huamuliwa wapi. James Casey, aliyeianzisha kampuni hii mjini Seattle mwaka 1907 akiwa na vijana wachache waliotumwa kwa miguu na kwa baiskeli, alikuwa mtu wa kupenda vipimo, na kampuni yake ilizoea tangu zamani kuwatuma wahandisi wenye saa mkononi kumfuata dereva nyuma nyuma, wakihesabu muda anaotumia kushuka, kutafuta kifurushi, kutembea mpaka mlangoni na kurudi garini. Kutokana na hisabu hizo kila kituo, kila kifurushi na kila maili ilipewa dakika zake au sehemu ya dakika, na jumla yake ndiyo siku iliyopangwa, yaani saa ambazo dereva hudhaniwa atazitumia akiifanya kazi kama ilivyoamriwa. Mwaka 1991 madereva walianza kukabidhiwa kibao cha elektroniki kinachoandika kila walifanyalo. Baadaye magari yakatiwa vihisio vinavyojua mlango ulifunguliwa lini, gari lilirudi kinyumenyume mara ngapi, na mkanda ulifungwa au haukufungwa. Kisha ikaja programu ya ORION, iliyoongozwa na Jack Levis na kukamilika kuenezwa mwaka 2016 katika njia zipatazo 55,000 za Marekani, ambayo humpangia dereva kituo kipi kitangulie na kipi kifuate, na ambayo kwa hisabu ya kampuni yenyewe huipunguzia mwendo wa maili milioni 100 kwa mwaka.

Kila moja katika hatua hizo, tangu saa ya mhandisi hata kompyuta ya makao makuu, ililiondoa shauri la kazi mikononi mwa watu wa tawi na kulipandisha ngazi moja juu. Zamani msimamizi aliyeijua mitaa yake angeweza kusema kwamba mtaa fulani una vilima na mbwa wakali, kwa hiyo apewe dereva huyu vituo 10 pungufu, na neno lake likapita. Siku hizi makadirio ya vifurushi vya kesho hushuka kutoka juu, na lengo la vituo vingapi kwa kila gari hushuka pamoja nayo, na idadi ya magari yanayoruhusiwa kutoka ni matokeo ya hayo mawili. Tawi limebakiwa na kazi ya kugawa kilichokwisha kuamuliwa. Meneja wa tawi, basi, ni mithili ya serahangi katika jahazi: huwaamrisha mabaharia, hugawa zamu, na sauti yake husikika kuliko zote, lakini kiasi cha shehena kimepatanwa na tajiri aliyeko nchi kavu.

Hata hivyo serahangi si mtu wa bure, na dereva mwenye busara hujua ni yapi hasa yaliyo katika uwezo wake, ili ayaombe hayo wala asipoteze pumzi kwa mengine. Anaweza, kabla magari hayajatoka, kuhamisha vituo kutoka gari moja hadi lingine. Anaweza alasiri kumtuma dereva aliyemaliza mapema akutane nawe njiani akupokee sehemu ya mzigo. Anaweza kukubali ombi lako la siku ya saa 8, ambalo katika nyongeza nyingi za mkataba dereva ana haki ya kulipeleka mapema mara kadhaa kwa mwaka. Anaweza kukupa utingo wakati wa msimu, na anaweza kuwaandikia wakubwa kwamba njia yako imepangwa vibaya, kwa mfano vifurushi vya jengo moja vikiwa vimetawanywa katika rafu tatu. Lakini kuongeza gari juu ya idadi iliyopangwa hawezi pasipo kuulizwa, na huulizwa siku ile ile. Dakika za kituo hawezi kuzibadili hata moja. Na hata akiwa mtu wa huruma akataka kuchukua vifurushi 20 vyako avipeleke kwa gari lake mwenyewe, mkataba unamkataza, kwa kuwa ibara ya 3 imewazuia wasimamizi kufanya kazi za wanachama wa chama cha wafanyakazi ila katika hali chache zilizotajwa. Katazo hilo lina hekima, maana bila ya hilo wasimamizi wangefanywa vibarua wa kuziba upungufu na dereva wa ziada asingeajiriwa kamwe. Ila matokeo yake ni kwamba hata rehema ya meneja imefungwa kamba.

Mtazame asubuhi, saa 2 na nusu, kabla ya mkutano mfupi wa wafanyakazi. Wapakiaji wangali wanatupa maboksi ya mwisho ndani ya magari ya hudhurungi, mkanda wa kupitishia maboksi unanguruma, na yeye amesimama na simu sikioni akitoa hesabu ya jana kwa mkubwa wake: magari mangapi yalitoka, madereva wangapi walirudi wamepita muda uliopangwa, vifurushi vingapi vilirudi bila kufikishwa na kwa sababu gani. Mkubwa huyo naye ana wake. Dereva anayemvamia meneja wakati ule kwa sauti ya juu humkuta mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa akijitetea kwa kosa la kupeleka magari mengi kupita kiasi, na jibu atakalolipata limekwisha kuandikwa kabla hajafungua kinywa.

Mwendee basi mapema, kabla ufunguo haujaingia katika gari, na usimwambie kwamba mzigo ni mwingi, kwa sababu neno hilo halina mahali pa kushikwa. Mwambie kwa tarakimu. Tuchukue mfano: umepewa vituo 185, siku iliyopangwa ni ya saa 9 na nusu, na vituo 25 kati ya hivyo viko ng'ambo ya mto, mahali ambapo gari la mwenzako hupita kila siku saa 8 mchana. Ukimwomba ahamishe vituo hivyo 25, umemwomba jambo ambalo mkono wake unalifikia na ambalo anaweza kulitetea kwenye simu, kwa kuwa idadi ya magari haikubadilika. Ukimwomba akuondolee vituo 25 bila kusema viende wapi, umemwomba asilokuwa nalo. Nao wageni wa nchi ile wasidanganywe na desturi ya wenyeji ya kumwita meneja kwa jina lake la kwanza na kupigana naye mzaha. Mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa adabu huona ukaribu ule akadhani amepata jamaa mwenye nguvu, kumbe kilichopungua ni urasmi tu, na mamlaka yamebaki pale pale yalipokuwa.

Ukiisha kutoka, na ukaona saa 7 mchana kwamba hutamaliza kwa wakati, mpelekee ujumbe kwa kibao chako: umebakiwa na vituo kadha, unakadiria kumaliza saa kadha, na unaomba maagizo. Kisha ngoja jibu, nawe uendelee na kazi wakati unangoja. Usijichagulie mwenyewe vifurushi vya kurudisha, maana hapo kosa la mpango hugeuka kuwa kosa lako. Mwache yeye aamue kama atapeleka msaada, au atasema rudisha, au atasema endelea mpaka uishe. Lolote atakalosema limeandikwa pamoja na saa yake, na maandishi hayo, ambayo hukuyaandika kwa ugomvi, yatakufaa siku nyingi baadaye.

Amri yake itii. Kanuni iliyokubaliwa na wasuluhishi wa migogoro ya kazi huko Marekani ni kwamba mfanyakazi hufanya kwanza aliloamriwa, kisha hulalamika kwa njia iliyowekwa. Anayekataa papo hapo huweza kufukuzwa kazi hata ikiwa katika asili ya jambo haki ilikuwa yake. Yamevuliwa katika kanuni hiyo mambo ya hatari kwa mwili na ya kuvunja sharia. Sharia ya nchi humzuia dereva wa gari kubwa la mizigo kuendesha zaidi ya saa 11 kwa siku, wala kuendesha baada ya saa ya 14 tangu alipoanza kazi, wala baada ya kutimiza saa 60 kazini katika siku 7, au saa 70 katika siku 8 kwa kampuni zifanyazo kazi kila siku ya juma. Na hapo hakuna meneja, wa tawi wala wa makao makuu, awezaye kukupa ruhusa ya kupita. Kifurushi chenye uzito upitao ratili 70, yaani kilo 32 hivi, una haki ya kukiombea msaada. Ukiomba, omba kwa ujumbe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa rai yangu ndilo linalowaangamiza madereva wetu kuliko uchache wa mamlaka ya meneja, nalo ni bidii iliyowekwa mahali pasipostahili. Mgeni aliyeipata kazi yenye ujira mwema baada ya miaka ya kambini Nyarugusu au Kakuma huona kwamba shukrani yake ni kutosema neno: huja nusu saa kabla ya wakati akapanga gari lake bila kulipwa, hula mkate akiwa ameshika usukani na muda wake wa chakula ukaandikwa kana kwamba aliutumia, hukimbia kutoka garini mpaka mlangoni, na jioni husifiwa. Lakini kompyuta haijui shukrani. Inachokiona ni kwamba njia ile ilikamilika kwa saa 9 na vituo 185, basi kesho itapewa 190. Na mwenzake mzee wa miaka 55, atakayeendesha njia ile wakati yeye yuko likizoni, atakuta amewekewa kipimo kilichojengwa kwa nusu saa ya bure na chakula kisicholiwa. Meneja wa tawi naye, hata kama moyoni anajua, hawezi kuwaonyesha wakubwa mzigo uliozidi, kwa kuwa hesabu haionyeshi kuzidi kokote. Pumzika kwa muda wote ulioandikwa katika nyongeza ya mkataba ya eneo lako, anza kazi saa ilipoanza kuhesabiwa, tembea kwa mwendo uliofundishwa, funga mkanda kila kituo, na uache siku iwe na urefu wake wa kweli. Nimesikia watu wakiuita mwendo huo uvivu. Hasha, ni njia iliyofundishwa na kampuni yenyewe, na anayeifuata hana cha kuogopa msimamizi akipanda garini kumtazama.

Siku ikiisha kuwa na urefu wake wa kweli, ndipo ibara ya 37 ya mkataba inapopata nguvu. Mkataba huu ni kati ya UPS na chama cha Teamsters. Ule wa sasa ulipigiwa kura mwezi wa Agosti 2023 ukakubaliwa kwa asilimia 86.3, nao utaendelea mpaka tarehe 31 Julai 2028. Katika ibara hiyo dereva anayejiandikisha katika orodha ya saa 9 na nusu anaweza kudai ikiwa amefanyishwa kazi zaidi ya saa hizo katika siku 3 za juma moja, na madai yake yakithibiti hulipwa ujira wa adhabu upitao ule wa ovataimu ya kawaida. Yapo masharti ya nani aweza kujiandikisha na lini, na msimu wa shehena za Krismasi una hukumu zake. Hayo yasome katika nakala ya eneo lako, kwa sababu mkataba wa taifa una nyongeza nyingi na zinahitilafiana. Neno kubwa ni kujiandikisha. Wengi hulalamika mwaka mzima na majina yao hayamo katika orodha.

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila siku, kabla ya kuvua viatu, andika tarehe, namba ya njia, saa ya kuanza na ya kumaliza, vituo ulivyopewa, muda uliopangwa, ujumbe uliopeleka na jibu ulilopata. Andika kwa Kiswahili ikiwa ndiyo lugha ya mkono wako. Mwakilishi akihitaji tarakimu, tarakimu zinasomeka kwa kila lugha. Usiandike hasira, wala usiandike sifa za mtu. Daftari lenye maneno ya kejeli juu ya meneja likifunguliwa mezani, mazungumzo yatakuwa juu ya kejeli.

Kisha mtafute mwakilishi wa chama katika tawi lako, ambaye mara nyingi ni dereva kama wewe, na mjaze karatasi ya malalamiko pamoja, mapema, kwa kuwa muda wa kuileta ni siku chache nao hutofautiana kwa eneo. Taja ibara iliyovunjwa, taja tarehe, na taja fidia unayoidai. Karatasi isiyodai kitu hujibiwa kwa maneno matamu. Na ikiwa badala ya kulalamika wewe ndiye uliyeitwa ofisini kuulizwa, na ukaona kwa sababu za maana kwamba majibu yako yaweza kukuletea adhabu, omba mwakilishi awepo kabla hujajibu. Haki hiyo ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1975 katika kesi ya Weingarten, lakini haiji yenyewe, sharti uitake kwa kinywa chako.

Madereva wengi huona haya kumwandikia meneja aliyewatendea wema, wakidhani karatasi ile ni shitaka juu ya mtu. Kwa kweli karatasi humfaa hata meneja mwenyewe. Akisema kwenye simu kwamba watu wake wamechoka, huambiwa asimamie vizuri. Akisema kwamba katika juma moja amelipa fidia kwa madereva 6 na kwamba gari moja la ziada lingegharimu pungufu ya hiyo, amezungumza kwa lugha ya hisabu, ambayo ndiyo pekee inayopanda ngazi bila kupotea njiani. Ipo mifano ya mameneja wanaomnong'oneza dereva, faragha, kwamba aandike. Ahadi tupu ya «kesho nitakupunguzia» mara nyingi si hila. Ni sadaka ya mtu asiye na akiba. Ipokee kwa shukrani, na uandike katika daftari kwamba imetolewa.

Aliye dereva wa magari yenye nembo ya Amazon yuko katika hali nyembamba zaidi, kwa sababu mwajiri wake kwa hati ni mkandarasi mdogo, na mkandarasi huyo, aliyeingizwa katika mpango ulioanzishwa mwaka 2018, hupokea njia zilizokwisha kupangwa na Amazon pamoja na idadi ya vifurushi vyake. Hapo hata serahangi ameazimwa. Madereva wa Palmdale, California, walijiunga na Teamsters mwaka 2023, na swali la nani hasa ni mwajiri wao likapelekwa mbele ya bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi. Kwa dereva huyo nasaha ya daftari na ya kupumzika haibadiliki, na sharia za saa hazibadiliki pale gari lake linapofikia uzito unaohusika. Asichokuwa nacho, mpaka apate chama, ni ile ibara ya kudaia.

Tukirudi kwa dereva wa UPS aliyekwisha kuleta karatasi yake, kikao cha kwanza cha kusikiliza malalamiko kwa kawaida huwa kidogo, wewe na mwakilishi upande mmoja, na upande wa pili meneja yule yule wa tawi, pengine na msimamizi wake mmoja. Mwamkie kama unavyomwamkia kila siku. Mwache mwakilishi aanze kusema, usimkatize, na ukiulizwa siku fulani ulimaliza saa ngapi, usijibu kwa kukumbuka. Fungua daftari, usome.